Jinsi ya Kuchagua Lugha ya Kigeni ya Kusoma Chuoni: Mwongozo Kamili

Fomu ya usajili wa masomo huwa na nafasi ndogo sana ya kuandika jina la lugha, na pengine ndiyo maana wanafunzi wengi huijaza kwa dakika chache, baada ya kumuuliza mwenzao wa chumbani anasoma nini. Uamuzi wenyewe ni mkubwa kuliko nafasi hiyo. Lugha ni somo linalodai muda kila siku, lisilokubali kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na ambalo faida yake huanza kuonekana pale tu mtu anapovuka kiwango cha salamu na kujitambulisha. Anayeishia mwaka wa kwanza hubaki na karatasi ya matokeo na sentensi kumi alizozikariri. Kwa hiyo mwongozo huu wote unarudi kwenye swali moja: ni lugha ipi ambayo utakuwa bado unaitumia miaka mitatu baada ya mtihani wako wa mwisho?

Hatua ya kwanza: Andika kazi ambayo lugha hiyo itakufanyia

Kabla ya kutaja jina la lugha yoyote, chukua karatasi uandike sentensi tatu zinazoanza na neno "Nitaitumia". Kila sentensi iwe na kitendo halisi, yaani kusoma, kuandika, kusikiliza au kuzungumza, na itaje utakayefanya naye kitendo hicho au maandishi utakayoyasoma. "Nitaitumia kimataifa" haisemi lolote. "Nitaitumia kusoma barua za wafanyabiashara wa karne ya 19 zilizohifadhiwa katika nyaraka za Ujerumani" inasema jambo linaloweza kupimwa, na papo hapo inakuonyesha kwamba unahitaji zaidi uwezo wa kusoma kuliko ufasaha wa kuzungumza. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayetaka kuwa mkalimani na mtu anayetaka kusoma makala za kitaalamu. Wanaweza kuchagua lugha ileile na bado wakahitaji kozi mbili tofauti.

Fani yako kuu ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Mwanafunzi wa historia achague lugha ambayo vyanzo vyake vimeandikwa, kwa kuwa hakuna tafsiri itakayomfikisha kwenye daftari ambalo halijawahi kutafsiriwa. Anayesoma sheria za kimataifa atakutana na Kifaransa mapema, maana Kifaransa na Kiingereza ndizo lugha rasmi za Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Anayelenga diplomasia akumbuke kwamba Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, nazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi, ila shughuli za kila siku za sekretarieti yake huendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwanafalsafa na mwanateolojia huvutwa na Kijerumani, mwanamuziki wa opera na Kiitaliano, na mtafiti wa fikra za Kiislamu hawezi kwenda mbali bila Kiarabu.

Ikiwa fani yako haielekezi upande wowote, tazama watu badala ya vitabu. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, kwa hiyo aliyekijua ana mabara matatu ya kuzungumza nayo. Kireno kinaziunganisha nchi tisa katika jumuiya moja, zikiwemo Brazili yenye watu zaidi ya milioni 200, Ureno, Angola na Msumbiji, na bado wanafunzi wengi hukipita bila kukitazama kwa kudhani ni lugha ndogo. Naamini Kireno kinastahili kufikiriwa mara nyingi zaidi kuliko kinavyofikiriwa.

Hapa lazima nionye juu ya kufuata mkumbo. Katika miaka ya 1980, uchumi wa Japani ulipokuwa ukipaa, wanafunzi wengi wa nchi za Magharibi walikimbilia Kijapani. Miongo miwili baadaye mkumbo ukahamia kwenye Kichina. Lugha zote mbili zina utajiri usiopungua, lakini aliyezichagua kwa sababu tu zilikuwa zikitajwa sana alijikuta katikati ya safari ndefu bila sababu yake mwenyewe ya kuendelea. Habari za uchumi hubadilika ndani ya miaka mitano, ilhali lugha ngumu huhitaji muda mrefu kuliko huo.

Hatua ya pili: Piga hesabu ya saa ulizonazo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naiona kuwa ya haki kuliko zote, kwa sababu namba haimbembelezi mtu.

Foreign Service Institute, taasisi ya serikali ya Marekani inayowafunza lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo, imezipanga lugha kwa makundi kulingana na muda ambao wanafunzi wake huhitaji kufikia kiwango cha kufanyia kazi. Kundi la kwanza, lenye Kihispania, Kifaransa, Kireno na Kiitaliano, huchukua wiki 24 hadi 30, yaani saa za darasani 600 hadi 750. Kijerumani na Kiindonesia, pamoja na Kiswahili chetu wenyewe, huchukua takriban wiki 36, sawa na saa 900. Kirusi, Kituruki na Kihindi ziko katika kundi la wiki 44 na saa 1,100. Kundi la mwisho lina Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea, ambazo huhitaji wiki 88, yaani saa 2,200. Ikumbukwe kwamba wanafunzi hao hawana kazi nyingine: kusoma lugha ndiyo kazi yao ya siku nzima, na saa za kujisomea jioni hazimo katika hesabu hiyo.

Sasa linganisha na chuo. Tuseme kozi yako ina saa nne kwa wiki na muhula una wiki 15. Hizo ni saa 60 kwa muhula, 120 kwa mwaka, na 480 kwa miaka minne, endapo hutakosa kipindi hata kimoja na endapo lugha hiyo inafundishwa miaka yote minne. Ukiongeza saa moja ya kujisomea kwa kila saa ya darasani unafika 960. Kwa saa hizo mtu mwenye bidii anaweza kufika mbali katika Kihispania au Kifaransa, na anaweza kukisimamia vizuri Kijerumani. Katika Kichina atakuwa hajafika nusu ya njia. Simaanishi kwamba asisome Kichina. Namaanisha kwamba anayekichagua ajue tangu siku ya kwanza kuwa chuo kitampa msingi, na kwamba sehemu kubwa ya jengo ataijenga kwa saa zake mwenyewe, au kwa mwaka mmoja wa kuishi mahali kinapozungumzwa.

Fanya hesabu hii kwa ratiba yako halisi, ile yenye maabara, mafunzo ya vitendo, kibarua cha jioni na safari za kwenda nyumbani. Ukiona kwamba saa unazoweza kutoa kwa uaminifu ni tano kwa wiki, darasani na nje ya darasa, basi chagua lugha ambayo saa tano zinaweza kuifikisha mahali penye faida. Mwanafunzi wa udaktari aliyefika kiwango cha kuongea na mgonjwa kwa Kifaransa cha kawaida ana kitu mkononi kuliko yule aliyekwama kwenye herufi 300 za Kichina ambazo atazisahau mwaka utakaofuata.

Hatua ya tatu: Pima mtaji unaokuja nao

Makundi niliyoyataja yalipimwa kwa wanafunzi ambao lugha yao ni Kiingereza. Wewe unayesoma maandishi haya una Kiswahili, na pengine una lugha nyingine moja au mbili ulizozipata nyumbani, kwa hiyo mizani yako ni tofauti. Inasikitisha kuona jinsi wanafunzi wetu wanavyoingia darasa la lugha ya kigeni wakidhani wanaanza mikono mitupu.

Tazama Kiarabu. Maneno yake mengi hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu, na mwanafunzi mgeni hutumia majuma kadhaa kulielewa jambo hilo. Wewe unalijua tayari bila kulijua. Chukua maneno kitabu, katibu na maktaba, kisha uondoe irabu: yote matatu yana k, t na b, mzizi unaohusu kuandika. Chukua hukumu, hakimu na mahakama, nayo yana h, k na m. Elimu na mwalimu vilevile ni ndugu wa mzizi mmoja. Kiswahili kimekuhifadhia mamia ya maneno ya namna hiyo, na pia sauti za th, dh na gh ambazo wageni wengi huzihangaikia. Aliyejifunza kusoma hati ya Kiarabu utotoni, hata kama hakuelewa alichokisoma, ana hatua nyingine mbele. Kwa msomaji wa Kiswahili, sioni kwamba Kiarabu kina ugumu ule unaotajwa katika orodha ya Wamarekani.

Ugumu wake wa kweli uko kwingine, na ni vizuri uujue mapema. Kiarabu sanifu ndicho cha magazeti, hotuba na vitabu, lakini mazungumzo ya nyumbani na barabarani hufanyika kwa lahaja. "Nataka" kwa Kiarabu sanifu ni uridu. Mmisri atasema aayiz, na Mmoroko atasema bghit. Maneno matatu yasiyofanana hata kidogo kwa jambo ambalo mtu hulisema mara 20 kwa siku! Kwa hiyo uliza idara inafundisha kipi, kisha urudi kwenye sentensi zako za hatua ya kwanza uone kama ulitaka kusoma au kuongea.

Jambo la pili katika mtaji wako ni ngeli. Wanafunzi wanaoanza Kifaransa au Kijerumani huambiwa kwamba nomino zina jinsia na kwamba vivumishi na vitambulishi hubadilika kuzifuata, na wengine hutishika. Mtu anayesema "kitabu kizuri kimepotea, miti mizuri imekauka" bila kufikiri hana sababu ya kutishika. Kifaransa kina jinsia mbili na Kijerumani kina tatu, ambazo ni chache kuliko ngeli zetu. Tofauti ni kwamba nomino ya Kiswahili mara nyingi huitangaza ngeli yake kwa kiambishi cha mwanzo, wakati ile ya Kijerumani huificha: hakuna kitu katika umbo la Tisch, meza, kinachokuambia kwamba ni der, wala katika Tür, mlango, kwamba ni die, wala katika Fenster, dirisha, kwamba ni das. Kila nomino hukaririwa pamoja na kitambulishi chake, kama mtu anavyojifunza jina la mtu pamoja na jina la ukoo. Juu ya hayo Kijerumani kina hali nne za nomino, yaani maumbo yanayobadilika kulingana na kazi ya nomino katika sentensi, na Kirusi kina sita.

Katika matamshi, Kihispania ni zawadi, kwa kuwa irabu zake ni tano zilezile: a, e, i, o, u. Watu wachache hugundua kwamba hata Kijapani kiko karibu nasi kwa sikio. Silabi zake nyingi ni konsonanti na irabu, kama zetu, na maneno kama sakana, samaki, na kodomo, mtoto, hutamkika mara ya kwanza. Mzigo wa Kijapani uko kwenye maandishi: kuna hiragana na katakana, kila moja ikiwa na alama 46 za msingi, na juu yake kanji, yaani herufi zilizotokana na Kichina, 2,136 zilizomo katika orodha rasmi ya matumizi ya kawaida. Kifaransa ni kinyume chake. Maandishi yake yanaonekana ya kawaida mpaka uyasikie: parle, parles na parlent huandikwa kwa namna tatu na kutamkwa kwa namna moja. Kwa mtu aliyelelewa na lugha inayosomwa kama inavyoandikwa, mshtuko huo ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na huchukua muhula mzima kupoa.

Kichina hakina unyambuaji wa vitenzi wala jinsia wala upatanisho. Kitenzi cha kwenda hubaki qù awe anakwenda nani na lini. Kinachodai ni toni nne, ambazo hugeuza ma kuwa mama, katani, farasi au kukaripia, pamoja na herufi elfu mbili hadi tatu kwa anayetaka kusoma gazeti. Lugha nyingi za Kibantu zina toni ingawa Kiswahili hakina. Ikiwa lugha yako ya nyumbani ni mojawapo, sikio lako limekwisha kufundishwa kusikiliza sauti ikipanda na kushuka, nawe usiuache mtaji huo nje ya hesabu.

Na kama umewahi kusoma Kifaransa shuleni ukakiacha, usikitupe kwa sababu ya aibu ya alama za zamani. Kilicholala huamka haraka kuliko kinachozaliwa, na kinakupunguzia pia safari ya kwenda Kihispania, Kireno au Kiitaliano, kwa kuwa zote zilichipuka kutoka Kilatini.

Hatua ya nne: Ichunguze idara kabla ya kuichagua lugha

Nilipoanza chuo nilichagua lugha kwa kufuata marafiki wawili. Muhula wa kwanza na wa pili ulikwenda vizuri, mhadhiri alikuwa na moyo, nami nikaanza kusoma hadithi fupi kwa kamusi. Muhula wa tatu tulifika saba tu, chini ya idadi iliyotakiwa, na kozi haikufunguliwa. Hakuna aliyetudanganya, hatukuwa tumeuliza. Nililazimika kuanza lugha nyingine kutoka alfabeti, na ile ya kwanza ilinyauka kabla sijaipata nyingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba lugha uliyoipenda kwenye karatasi ya hatua ya kwanza haina budi kuchunguzwa mahali itakapofundishwa.

Nenda idarani mwenyewe, uzungumze na mhadhiri na baadaye na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Swali la kwanza ni kina cha kozi: lugha hii ina mihula mingapi, na ngazi za juu zimefunguliwa kweli katika miaka miwili iliyopita, au zimo kwenye kitabu cha mwongozo tu? Swali la pili ni idadi ya wanafunzi katika darasa moja, kwa sababu ukiwa mmoja kati ya 60 katika kipindi cha saa moja, hata mhadhiri akiwa hodari namna gani, sehemu yako ya kuzungumza haizidi dakika moja. Uliza pia kama wahadhiri wameajiriwa na chuo au wanaletwa kwa mikataba mifupi; walimu wa kupokezana huweza kuwa wazuri sana, lakini kila anayekuja hukuta darasa asilolijua. Mwisho, uliza mtihani unafanywaje. Kozi inayopima sarufi kwa maandishi pekee itakufundisha kuandika sarufi, na utamaliza miaka miwili ukiwa unaogopa kuagiza tiketi kwa sauti.

Omba kukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja. Usimtazame mwalimu, watazame wanafunzi. Baada ya dakika 30, je, wamezungumza lugha hiyo kwa midomo yao, au wamenakili kutoka ubaoni? Kipindi kimoja cha namna hiyo kitakuonyesha mambo ambayo vipeperushi vya idara havitakuonyesha kamwe.

Kama uliwahi kuisoma lugha hiyo, uliza kuhusu mtihani wa kukupangia ngazi. Wapo wanaojificha katika darasa la wanaoanza ili wapate alama ya juu bila jasho. Alama wataipata, ila saa 60 zitakuwa zimepotea katika hesabu ya hatua ya pili.

Hatua ya tano: Zijaribu lugha mbili kwa wiki mbili

Ukifika hapa orodha yako itakuwa imebaki na lugha mbili, au tatu ikiwa wewe ni mtu wa kusitasita. Usiendelee kufikiri, zijaribu. Ipe kila moja siku tano mfululizo, dakika 40 kila siku, kwa wakati uleule wa siku, kisha siku mbili za kupumzika kabla ya kuingia nyingine.

Siku ya kwanza ni ya sauti peke yake: sikiliza redio au mazungumzo bila kutafuta maana, ujaribu kuiga. Siku ya pili ni ya hati na namna ya kuandika. Siku ya tatu ujifunze sentensi kumi unazoweza kuzisema juu ya maisha yako, na ya nne utazame kanuni moja ya sarufi iliyo mbali kabisa na Kiswahili. Siku ya tano funga kila kitu, uandike kwenye ukurasa mtupu yote unayokumbuka.

Nitoe mfano wa siku ya pili kwa Kikorea, kwa sababu hati yake huwaogopesha watu bure. Hangul ilibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa rasmi mwaka 1446, kwa nia ya kuwapa watu wa kawaida maandishi wanayoweza kujifunza upesi. Ina herufi za msingi 24, nazo hupangwa ndani ya mraba mmoja kwa kila silabi. Herufi ㄴ ni n na ㅏ ni a. Ziweke pamoja, upate 나, na. Herufi ㅁ ni m na ㅜ ni u. Ziweke moja juu ya nyingine, upate 무, mu. Umekwisha kusoma 나무, namu, yaani mti. Mtu makini huweza kusoma ubao wa duka kwa Kikorea baada ya jioni mbili au tatu, ingawa maana itakuja baadaye sana. Ukijaribu hivyo ukahisi moyo umechangamka, hilo ni jambo la kuandika. Ukihisi uchovu tu, andika hilo pia.

Katika siku zote kumi, kuwa na daftari lenye swali moja la kila jioni: leo nililazimika kujisukuma, au nilipitiliza muda bila kujua? Usijipime kwa wingi wa maneno uliyokumbuka, maana wiki moja ni fupi mno kwa kipimo hicho. Lugha utakayoipitiliza muda ndiyo itakayovumilia muhula wa tatu, pale upya unapoisha na sarufi inapoanza kubana. Mapenzi kwa sauti ya lugha, kwa muziki wake au kwa michezo yake ya kuigiza ni sababu halali kabisa, na mtu asikutie haya kwa hilo. Nimewaona waliochagua Kikorea kwa ajili ya tamthilia wakawapita mbali waliochagua lugha nyingine kwa ajili ya ajira.

Hatua ya sita: Angalia lugha itakavyoishi nje ya darasa

Tafuta kwanza watu. Je, utapata mtu wa kuzungumza naye kila wiki, ana kwa ana au kwa simu? Taasisi za utamaduni husaidia sana: Alliance Française ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 1883, Goethe-Institut ya Kijerumani ya mwaka 1951, Instituto Cervantes ya Kihispania ya mwaka 1991 na taasisi za Confucius za Kichina zilizoanza mwaka 2004 zina matawi katika nchi nyingi, maktaba, maonyesho ya filamu na vipindi vya mazungumzo. Lugha yenye taasisi kama hiyo karibu nawe ina uzito wa ziada kwenye mizani.

Kisha tazama vyeti, kwa kuwa waajiri na vyuo vya nje mara nyingi hawasomi alama za kozi yako. Lugha za Ulaya hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Vyuo vingi vinavyofundisha kwa lugha hizo hudai B2, yaani ngazi ya nne, au zaidi. Cheti cha DELF cha Kifaransa na cha DELE cha Kihispania havina mwisho wa matumizi, wakati matokeo ya TOPIK ya Kikorea hudumu miaka miwili, hivyo usiyafanye mapema kupita kiasi. Mtihani wa JLPT wa Kijapani, wenye ngazi tano kutoka N5 hadi N1, haupimi kuzungumza wala kuandika insha; anayeutegemea peke yake atafute mazoezi ya kusema kwingine.

Kama unatazamia kusoma shahada ya uzamili ng'ambo, anza na masharti ya chuo unachokitaka urudi nyuma. Ukihitaji B2 ya Kijerumani miezi 30 kuanzia sasa, hesabu ya saa itakuambia ni saa ngapi kwa wiki, na itakuambia pia kama unapaswa kuanza muhula huu au umechelewa.

Wapo watakaokuuliza kwa nini ujisumbue wakati programu za simu hutafsiri kila kitu. Zitumie kwa barua na menyu. Lakini mtu anayekufundisha kazi, anayekuhoji ili akuajiri au anayekusimulia msiba wake hatasubiri simu imalize kusema, na maneno yaliyopita kwenye mashine hayajengi urafiki kama yale uliyoyatafuta mwenyewe ukayakosea.

Hatua ya saba: Amua, sajili, na uweke tarehe ya kuangalia tena

Rudi kwenye karatasi yako ya kwanza. Mbele ya kila lugha iliyobaki, andika kazi itakayokufanyia, saa inazohitaji ukilinganisha na saa ulizonazo, mtaji unaokuja nao, mihula ambayo idara inaweza kukuhakikishia, na neno moja kutoka kwenye daftari la majaribio. Usijumlishe alama. Sababu moja nzito, kama ile ya vyanzo vya utafiti wako kuwa katika lugha fulani, inaweza kuzishinda nne nyepesi. Lugha mbili zikilingana kabisa, chukua ile ambayo una mtu wa kuzungumza naye.

Usichukue lugha mbili mpya kwa pamoja katika mwaka wa kwanza, hasa zinazofanana kama Kihispania na Kireno, kwa sababu maneno yake yataingiliana kabla hayajakaa. Subiri ya kwanza ifike mahali ambapo unaweza kusoma habari fupi bila kamusi, ndipo uongeze ya pili.

Vyuo vingi huruhusu kubadilisha kozi katika wiki za mwanzo za muhula. Itafute tarehe ya mwisho ya mabadiliko hayo siku ileile unaposajili, uiandike kwenye kalenda, na siku tatu kabla yake ukae chini na daftari lako. Kama umehudhuria vipindi vyote na bado kila jioni umejisukuma, nenda idarani ubadilishe bila kujilaumu. Kama umekosa vipindi, hujaijaribu lugha bado. Hudhuria viwili vilivyobaki kabla ya tarehe hiyo, ndipo uamue.